Bundi Aliyelelewa na Binadamu Aishi Wapi?

Usiku wa tarehe 2 Februari 2023, mtu asiyejulikana alikata wavu wa kizimba katika bustani ya wanyama ya Central Park, jijini New York, na bundi aliyekuwamo akatoka. Dume huyo, aliyeitwa Flaco, alikuwa wa ile jamii ya bundi wakubwa wanaoishi porini Ulaya na Asia, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hufikia karibu mita 1.8. Alianguliwa Machi 2010 katika kituo cha ndege huko North Carolina, akapelekwa New York mwaka huohuo angali kinda. Kwa karibu miaka 13 aliletewa chakula kila siku, wala hakupata nafasi ya kuruka zaidi ya upana wa kizimba chake. Wahudumu walimwandama kwa mitego wakihofia kwamba angekufa njaa. Hakufa njaa. Katika wiki mbili za kwanza alikuwa amekwisha kujikamatia panya, na bustani ikalegeza juhudi za kumrudisha.

Flaco aliishi nje kwa mwaka mmoja na wiki tatu. Tarehe 23 Februari 2024 aligonga jengo huko Manhattan, akafa. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha mengine zaidi ya majeraha: alikuwa na sumu za panya za aina nne, tena ameshikwa vibaya na ugonjwa wa virusi unaoenezwa na njiwa. Waliomchunguza walieleza kwamba hata asingegonga jengo, mambo hayo mawili yangeweza kumuua.

Walioshangilia uhuru wake walipata ushahidi wao, maana ndege wa kizimbani aliweza kuwinda. Waliotaka arudishwe nao walipata wao, maana mji ulimuua. Lakini kuna jambo la tatu lenye uzito uleule. Usiku baada ya usiku Flaco aliita akiwa juu ya matangi ya maji na mapaa ya maghorofa, kama dume yeyote anayetafuta mwenzi, katika bara ambalo jamii yake haiishi porini. Alikuwa na chakula na alikuwa na anga. Wenzake hakuwa nao, wala asingewapata kamwe.

Kisa hicho kimebeba swali linalowasumbua watunza ndege duniani kote, na linalozidi kuwafikia watu wa kwetu pia: bundi aliyelelewa mikononi mwa watu aishi wapi? Arudishwe porini, abaki kituoni, au akae kwa yule aliyemlea? Hoja yangu ni kwamba makao yake yapimwe kwa kigezo kimoja tu, yaani ni kwa kiasi gani ataweza kuishi maisha ya bundi mahali hapo. Furaha yetu ya kumwona akiruka haitoshi, na mazoea yetu naye hayatoshi. Zaidi ya hapo, mara nyingi jibu huwa limekwisha kuamuliwa mapema, katika wiki za mwanzo za uhai wake, na yule aliyemlisha.

Aliyemlisha ndiye aliyemfundisha

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wasemavyo wahenga, na kwa bundi msemo huo una ukweli mkali. Mwaka 1935 mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza kwa kina jinsi makinda ya bata bukini yanavyomfuata kiumbe anayetembea mbele yao mara baada ya kuanguliwa na kumchukua kuwa mzazi. Kwa bundi jambo hilo huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kinda wake huzaliwa macho yakiwa yamefumba. Hujengeka katika wiki za mwanzo, macho yanapofunguka na kinda anapoanza kuitambua sura inayomletea chakula. Akiiona sura ya bundi, hujifunza kwamba yeye ni bundi. Akiuona uso wa mtu peke yake, hujifunza kwamba watu ndio jamaa zake.

Matokeo hayaonekani mara moja. Kinda huwa mpole, humfuata mlezi chumba kwa chumba, hulala kifuani pake, na wengi huuona upole huo kuwa mapenzi. Akikomaa mambo hubadilika. Dume aliyelelewa hivyo humwita mlezi wake kwa mlio wa kutafuta mwenzi, na huweza kumrukia mgeni kwa kucha akimwona kuwa mpinzani aliyevamia eneo lake. Akiwekwa pamoja na jike wa jamii yake, huweza kumpuuza au hata kumshambulia. Akiachiwa porini na njaa ikimbana, huenda kuwaomba watu chakula. Mahali ambapo bundi huogopwa, safari hiyo ya kuomba chakula huishia kwenye mawe.

Hapa ni lazima tuwatenganishe ndege wa namna mbili ambao mara nyingi huchanganywa. Yupo aliyezaliwa kizimbani lakini akalelewa na baba na mama bundi, na yupo aliyetwaliwa akiwa kinda akalelewa peke yake na mtu. Wa kwanza anaweza kuwa hajui pori, ila anajijua yeye ni nani. Wa pili hajui yote mawili. Katika msitu wa Bavaria, Ujerumani, bundi wa Ural alikuwa ametoweka kabisa. Kuanzia mwaka 1975 bundi waliozaliwa vizimbani waliachiwa huko, na leo jamii hiyo inazaliana tena porini. Bundi wakubwa wa jamii ya Flaco nao walirudishwa kwa njia hiyo katika sehemu za Ujerumani walikokuwa wamemalizwa. Kwa hiyo kizimba chenyewe hakimwondolei ndege sifa ya kurudi porini. Kinachomwondolea ni kukosa wazazi wa jamii yake.

Ndiyo maana vituo makini vya kutunza ndege huwalea makinda yatima kwa namna inayoweza kumshangaza mgeni. Mhudumu hujifunika uso au hulisha kwa kutumia mfano wa kichwa cha bundi. Hasemi karibu nao. Makinda huwekwa wawili au watatu pamoja wajifunze kuonana, au huwekwa katika banda ambamo wanamwona na kumsikia bundi mtu mzima. Mtu akitazama kwa nje ataona ubaridi. Kwa kinda, ubaridi huo ndio mlango wa kurudi porini.

Mtihani kabla ya mlango kufunguliwa

Bundi anayejijua bado ana mambo ya kuthibitisha. La kwanza ni kuruka. Uwezo wa kutoka kigogo kimoja hadi kingine hautoshi. Anahitaji pumzi ya kuruka tena na tena, kugeuka hewani, na kupaa wima anapokosa windo, na hayo yote hayajengeki katika banda dogo. Manyoya yake nayo lazima yawe kamili, kwa sababu manyoya ya mbele ya bawa la bundi yana kingo zenye meno laini kama kitana, na hizo ndizo zinazomfanya aruke bila sauti. Ndege aliyefungiwa katika wavu wa chuma huyavunja manyoya hayo kwa kujipiga ukutani, na bundi anayesikika akija hakamati kitu. Yakivunjika, itabidi asubiri mpaka aote mengine, au fundi mzoefu ampandikizie manyoya yaliyodondoshwa na ndege mwingine wa jamii hiyohiyo.

La pili ni kuwinda. Masikio ya bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo, hayakukaa kimo kimoja kichwani, na tofauti hiyo humwezesha kujua sauti inatoka wapi, juu au chini. Majaribio ya mwanasayansi wa Marekani Roger Payne yalionyesha kwamba ndege huyo humkamata panya katika giza totoro kwa kusikia peke yake. Chombo hicho anazaliwa nacho, lakini ustadi wa kukitumia huja kwa mazoezi. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa hupewa nafasi ya kuwinda panya walio hai, kwenye majani, gizani, usiku baada ya usiku, mpaka mhudumu aridhike kwamba anashiba kwa kazi yake mwenyewe.

La tatu ni hofu. Bundi anayefaa kwenda porini anapomwona mtu hutanua mabawa, hugonga mdomo, au huruka mbali kadiri awezavyo. Akimsogelea mtu, hajafaulu, hata kama anaruka vizuri namna gani.

Ugumu wa mtihani huu una sababu. Nchini Uingereza, ambako maisha ya bundi mweupe yamefuatiliwa kwa miongo mingi, takribani saba kati ya kila ndege kumi hufa kabla ya kumaliza mwaka wao wa kwanza, na hao ni ndege waliolelewa porini na wazazi wao. Mwenye upungufu wowote anaingia katika hesabu hiyo akiwa nyuma tayari.

Njia za kumrudisha

Njia bora kuliko zote ni ile ambayo binadamu anafanya machache zaidi, yaani kumrudisha kinda katika kiota, kiwe chake au cha wengine. Jike wa bundi mweupe hutaga mayai manne hadi saba na huanza kuatamia mara tu anapotaga la kwanza, hivyo makinda huanguliwa kwa kupishana siku na hutofautiana kwa ukubwa. Wazazi hawaonekani kuwatenga walio wao na walioongezwa. Kinda mwenye umri unaolingana akiingizwa katika kiota chenye chakula cha kutosha, kwa kawaida hulishwa kama wengine. Ndani ya wiki chache anapata alichokosa: sura ya bundi, mlio wa bundi, na mafunzo ambayo hakuna mhudumu anayeweza kuyatoa.

Pale ambapo hakuna kiota, hutumika njia iliyorithiwa kwa wafugaji wa vipanga. Kinda aliyekaribia kuruka huwekwa katika sanduku au banda dogo mahali atakapoachiwa, na hulishwa humo bila kumwona mlishaji. Baada ya kuizoea mandhari, mlango hufunguliwa kimya. Chakula huendelea kuwekwa palepale kwa wiki nyingi, na ndege hukirudia mpaka siku ambayo hakihitaji tena. Subira hiyo ina maana kubwa kwa jamii zinazokua polepole. Kinda wa bundi mkubwa kuliko wote barani Afrika, yule mwenye kope za rangi ya waridi, huendelea kuwategemea wazazi kwa miezi mingi baada ya kuanza kuruka. Anayemwachia baada ya wiki mbili kwa kuwa tu mabawa yake yamekomaa anamtupa.

Hata kwa ndege sahihi na njia sahihi, mahali pakiwa pabaya kazi yote ni bure. Funzo kubwa la jambo hili limetoka Uingereza. Katika miaka ya 1980 watu wengi waliguswa na kupungua kwa bundi mweupe, wakaanza kuwazalisha majumbani na kuwaachia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba ndege 2,000 hadi 3,000 waliachiwa kila mwaka, na watu wapatao 600. Nia ilikuwa njema bila shaka. Lakini mbuga za majani marefu zilizokuwa na panya wa shambani zilikuwa zimelimwa, maghala ya zamani yenye nafasi za viota yalikuwa yamebomolewa, na barabara za magari yaendayo kasi zilikuwa zimeongezeka. Ndege waliachiwa katika nchi iliyokuwa imekwisha kuwashinda wale wa porini. Kuanzia mwaka 1993 sheria ilidai kibali kwa kila anayetaka kuwaachia, na baadaye serikali ikaacha kabisa kutoa vibali hivyo. Wapenzi wa bundi waligeukia kuweka masanduku ya viota na kuwashawishi wakulima waache vipande vya majani bila kufyeka, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa matunda.

Kanada imepata funzo la uchungu zaidi. Katika jimbo la British Columbia, bundi mwenye madoa wa kaskazini amebaki katika ukingo wa kutoweka kwa sababu misitu mikongwe anayoitegemea imekatwa. Mradi wa kuwazalisha kizimbani ulianza mwaka 2007. Agosti 2022 madume watatu waliachiwa katika korongo la mto Fraser, baada ya maandalizi marefu. Mmoja aliumia akarudishwa kituoni, na wawili walikutwa wamekufa Mei 2023. Wataalamu hawakukata tamaa, na hawakukosea kujaribu, kwa kuwa jamii ile haina njia nyingine. Ila vifo vile vinatukumbusha kwamba kuachia ni mwanzo wa kazi, na kwamba msitu wenyewe ndio makao. Kizimba bora kuliko vyote hakiwezi kuziba nafasi ya miti iliyoanguka.

Asiyeweza kurudi

Kuna bundi ambao, kwa haki, hawatarudi: aliyevunjika bawa likaungana vibaya, aliyepoteza uwezo wa kuona, na huyu wetu aliyejifunza kuwa mtu. Watu wengi humwona ndege wa namna hiyo kuwa mfungwa, na baadhi humwachia usiku kwa huruma. Naamini huruma hiyo ni ukatili unaofanyika gizani. Ndege asiyejua kuwinda hufa polepole, na aliyemwachia hulala usingizi mwema kwa sababu hakioni kifo chenyewe.

Kwa ndege huyo, kizimba kizuri ni makao halali, alimradi kiwe kizuri kweli. Kiwe kirefu kiasi cha kumruhusu apige mabawa mara kadhaa kabla ya kutua. Kuta zake ziwe za mabanzi au mianzi iliyosimama wima, kwa kuwa wavu wa chuma huvunja manyoya. Kiwe na pembe yenye paa na giza la kujifichia mchana, na pembe nyingine inayopata mvua na jua. Vigogo vya kutulia viwe vya unene mbalimbali, vingine vizungushiwe kamba za makumbi, kwa maana ndege anayesimama juu ya kitu kimoja kigumu mwaka mzima hupata vidonda vya nyayo vinavyoweza kumuua. Kumfunga kamba mguuni siku zote juu ya kigingi, kama inavyoonekana katika maonyesho fulani, si makao.

Chakula nacho kina sheria zake. Bundi humeza windo zima, kisha hutema tonge la manyoya na mifupa. Mwili wake unahitaji mifupa ile. Kinda anayelishwa vipande vya nyama tupu ya ng'ombe hukosa madini ya chokaa, na miguu yake hupinda kabla hajasimama. Vituo hutumia vifaranga wa kuku wa siku moja, kware, na panya waliofugwa. Panya wa mtaani hawafai, kwa sababu mwenye kumla panya aliyekula sumu anaila sumu ileile. Halafu kuna hesabu ya miaka. Bundi wakubwa wakitunzwa vizuri huishi miongo kadhaa. Mwenye kumchukua kinda leo anaahidi chakula cha kila siku mpaka watoto wake mwenyewe wawe watu wazima.

Ndege asiyerudi anaweza bado kuwa na kazi ya heshima. Bora zaidi ni ulezi. Bundi aliyelemaa bawa, ila anayejijua kuwa bundi, huweza kuwalea makinda yatima na kuwapa sura na mlio wanaouhitaji, na vituo vingi hutegemea walezi wa namna hiyo. Kazi ya pili ni kufundisha watu. Bundi aliyezoea binadamu akionyeshwa shuleni kwa muda mfupi, na mtu anayemwelewa, huweza kubadilisha mawazo ya darasa zima. Lakini kazi hiyo ina mpaka. Mikahawa ya bundi iliyoenea Japani katika miaka ya 2010, ambamo ndege wa usiku hukaa mchana kutwa katika mwanga wakishikwashikwa na wateja, inavuka mpaka huo kwa mbali.

Na kuna ndege ambao hata kizimba bora ni mateso kwao: wenye maumivu yasiyokwisha, au wenye hofu isiyotulia kila mtu anapopita. Kwa hao daktari wa mifugo anapowalaza kwa dawa wasiamke tena, anafanya tendo la rehema. Ni uamuzi mzito, na anayeufanya kwa uaminifu anastahili heshima yetu.

Kumweka nyumbani

Linabaki chaguo linalovutia wengi, yaani kumfuga nyumbani. Baada ya filamu ya kwanza ya Harry Potter kutoka mwaka 2001, watoto na watu wazima wengi walitamani bundi wao wenyewe, hata mwandishi J.K. Rowling akajitokeza hadharani kuwasihi wasomaji wasiwafuge. Watafiti Nijman na Nekaris walichapisha mwaka 2017 matokeo ya ufuatiliaji wao katika masoko ya ndege ya Java na Bali, Indonesia. Mwanzoni mwa karne hii waliouzwa walikuwa mamia machache kwa mwaka, lakini kufikia mwaka 2016 makadirio yao yalizidi 13,000, wengi wakiwa wametolewa viotani porini.

Nyumba ya mtu haimpi bundi anachohitaji hata pale penye mapenzi tele. Huamka wenye nyumba wanapolala, na mlio wake huvuka kuta za majirani. Hubomoa, huchafua, na akikomaa hugeuka mkali. Wengi wao huishia kutafutiwa makao mengine na watu walewale waliowapenda, na kila wanapohamishwa nafasi yao ya kuishi kama bundi hupungua. Biashara ya kimataifa ya bundi wa jamii zote inasimamiwa na mkataba wa CITES, na ndani ya nchi zetu sheria ziko wazi: Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania Bara ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama aliokotwa kwa nia njema.

Majirani wa bundi Afrika Mashariki

Kwetu swali la makao lina upande mmoja ambao Ulaya wameusahau kwa sehemu kubwa: majirani. Katika jamii nyingi za pwani na bara, bundi akilia juu ya paa huhesabiwa kuwa analeta habari ya msiba, au kuwa ametumwa na mchawi. Hufukuzwa, hupigwa kwa manati, na kiota chake huchomwa. Kwa hiyo bundi aliyefaulu kuruka, kuwinda na kuogopa watu bado anaweza kufa wiki ya kwanza ikiwa ameachiwa karibu na kijiji kinachomwogopa. Hapa anayetafuta makao lazima azungumze na wazee, walimu na viongozi wa dini kabla ya kufungua mlango.

Hofu hiyo inaweza kubadilika, na ushahidi upo karibu. Katika eneo la Nyeri, Kenya, bundi wa Mackinder huatamia kwenye magenge karibu na mashamba, na baadhi ya wakulima wamepata kipato kutokana na wageni wanaokuja kumtazama. Mfano wa mbali kidogo ni Yordani. Huko nako bundi alihesabiwa kuwa nuksi, lakini tangu mwaka 2002 wakulima wa Yordani wameshirikiana na wenzao wa Israeli, ambako mradi ulianza mwaka 1983, kuweka masanduku ya viota mashambani ili bundi weupe wawapunguzie panya. Mkulima anayeona jozi moja na makinda yao wakimaliza maelfu ya panya kwa mwaka huanza kumtazama ndege huyo kwa jicho jingine.

Adui wa pili ni sumu. Kenya imewapoteza ndege wengi wala nyama kwa dawa ya wadudu ya karbofurani, iliyojulikana kwa jina la Furadan, mpaka ilipoondolewa sokoni mwaka 2009 baada ya malalamiko makubwa. Sumu za panya madukani bado ni tishio, na nyaya za umeme pia. Mahali pa kuachia bundi pafaa kukaguliwa kwa mambo hayo kama panavyokaguliwa kwa chakula na miti.

Tena kila jamii ina nchi yake. Bundi mdogo wa Sokoke hupatikana katika msitu wa Arabuko-Sokoke na miteremko ya Usambara Mashariki. Bundi mdogo wa Pemba hayupo popote duniani isipokuwa kisiwani humo. Kinda wa Pemba akisafirishwa hadi Unguja au Dar es Salaam, hata kwa mapenzi, ametolewa katika kisiwa pekee ambako angepata mwenzi. Kukosa mwenzi ndiko kulikompata Flaco pia.

Tunao watu wenye ujuzi. Kenya Bird of Prey Trust ina vituo vya kutibu na kurudisha ndege wala nyama huko Naivasha na Soysambu, karibu na ziwa Elementaita. Pwani ya Tanzania na visiwani tunahitaji huduma kama hiyo, pamoja na madaktari wa mifugo waliofunzwa kutibu ndege wa porini. Hiyo ni nafasi iliyo wazi kwa vyuo vyetu, na sioni sababu ya kuiacha wazi.

Mpangilio wa maamuzi

Tukiyakusanya haya, uamuzi unapata mpangilio. Kwanza ni kiota, chake au cha kambo. Pili ni kuachiwa taratibu, kwa ndege anayejijua, anayewinda na anayeogopa watu, katika nchi ya jamii yake na kwa ridhaa ya majirani. Tatu ni kituo chenye mabanda makubwa na bundi wengine, ambako aliyelemaa anaweza kuwa mlezi. Nne ni kazi ya kufundisha watu, kwa yule ambaye amekwisha kuwazoea kiasi cha kutoteseka mbele yao. Tano ni kifo kisicho na maumivu. Nyumba ya mtu binafsi haimo katika orodha hii, isipokuwa kwa saa chache za kumsafirisha.

Kwa anayemkuta kinda chini ya mti, la kwanza ni kusimama mbali na kutazama. Makinda ya jamii nyingi za bundi hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka, hupandapanda matawini, na wazazi huwalisha hapohapo usiku. Kama hana jeraha na hakuna paka au mbwa karibu, aachwe. Kama yuko hatarini, awekwe kwenye tawi la karibu. Kama ameumia, awekwe katika boksi lenye giza na matundu ya hewa, asipewe maziwa wala mkate, asichezewe wala kupigwa picha usoni, na apigiwe simu ofisa wa wanyamapori siku hiyohiyo, KWS kwa Kenya au TAWA kwa Tanzania Bara. Kila saa anayokaa akitazama nyuso zetu inampunguzia nafasi ya kurudi kwao.

Makao mema ya bundi yapo tayari: mti wenye tundu, shamba lenye panya wasio na sumu, na mtu anayepita chini bila kuokota jiwe. Tukiyalinda hayo, bundi wachache sana watahitaji kutafutiwa mengine.